Mtoto Aliyerukwa

Haya yalimpata Védastine, jirani yetu wa Kamembe, mwaka 2001. Yalianza siku ya kawaida kabisa, jua likiwaka juu ya ziwa na akina mama wakipanda kutoka mpakani na mabeseni yao kichwani.

Védastine alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi Rwanda vita vilipotulia. Alikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ndogo iliyowatafutia wazazi watoto waliopotea kambi za wakimbizi za ng'ambo zilipovunjika. Kila mtoto alikuwa na faili: jina, picha, na mahali anapolelewa. Nakala za karatasi zilikuwa Bukavu, nazo ziliporwa vita vilipoanza tena. Kilichobaki kilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu yenye maandishi ya kijani, inayonguruma kama kinu.

Siku hiyo ililetwa kompyuta mpya kutoka Kigali. Sultani, fundi wa mtaa wa Waislamu, alimwelekeza Védastine namna ya kuhamisha: nakili kwenye disketi, ingiza kwenye mpya, fungua faili moja moja uone, ndipo ufute ya zamani.

Védastine alifanya hivyo mpaka disketi moja ikakwama. Mashine ilikwaruza, ikanyamaza, ikauliza kwa Kifaransa: *Ignorer?* Yaani, niiruke faili hii? Alikuwa amechoka, na ile mpya ilikuwa inang'aa pembeni. Akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, faili ileile. Ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo.

Sultani aliporudi alisimama nyuma yake.

"Maman Védastine, umefungua moja moja?"

"Nimefungua."

"Batoto bote bameingia?"

"Bote."

Basi Sultani akaifuta ile ya zamani, na watu wa ofisi nyingine wakaja kuichukua.

Haukupita muda mrefu, akaingia mama mmoja wa Bweyeye, miguu imejaa matope ya njia ya msituni. Aliitwa Mukankusi. Alisalimia kwa adabu, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwaka jana ulinionyesha mutoto wangu hapa kwenye kioo," alisema. "Mahoro. Ulisema iko kwa familia moja nyuma ya Bukavu, nisubiri njia ifunguke. Sasa nasikia bantu banapita. Nipe jina ya ile familia niende."

Védastine alimkumbuka vizuri. Alitafuta Mahoro. Hakuna. Akatafuta kwa jina la mama, kwa jina la kijiji. Hakuna. Mzee Gasana, mkuu wa ofisi, alikuwa mlangoni anasikiliza, na watu walijaa kwenye benchi. Neno moja tu lilitakiwa: nimempoteza.

"Maman, ule mutoto hakukuwa huku," alisema. "Umechanganya ofisi."

"Si wewe ulisema iko na macho yangu?"

"Si mimi."

Mwanamume mmoja kwenye benchi akacheka. Mukankusi aliinuka, akakaza kitenge chake. Mlangoni akageuka, akasema polepole, bila hasira, "Siwezi kuchanganya mutoto wangu."

Kesho yake asubuhi Védastine alifungua picha ya mvulana mmoja ili airekebishe rangi. Pembeni mwa picha, penye shuka jeupe tu la kupigia picha, palikuwa na kiwiko.

Alidhani ni kosa la skana. Akafungua picha ya mtoto mwingine. Safari hii lilikuwa bega, ndani ya sweta la kijani. Alilijua lile sweta: ndilo Mahoro alilovaa kwenye picha yake, akiwa bado mdogo.

Akafungua nyingine. Mgongo.

Kila picha aliyofungua, mtoto yule alikuwa amesogea. Watoto wengine walitazama kamera wakitabasamu. Yeye aliwapa kisogo. Védastine alizima mashine, akaenda kunywa maji, akarudi, akaiwasha. Mtoto alikuwa katikati. Amesimama mbele ya mwenye picha. Nywele zake zilijaza kioo.

Alimtuma mtu amwite Sultani. Fundi alitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni nani?" alinong'ona.

"Nilimruka."

"Ulisema ulifungua."

Védastine aliinamisha kichwa. Sultani hakumlaumu. Alisoma dua yake chini chini, kisha akasema, "Zifute hizi."

"Siwezi kumfuta mara ya pili."

Kioo kikawa cheusi. Juu yake, kwenye mashine mpya isiyowahi kuwa na programu ya ile ya zamani, yakatokea maandishi ya kijani. *Ignorer?*

Sultani akachomoa waya ukutani. Maandishi hayakuondoka.

Védastine alinyoosha kidole. Akabonyeza hapana.

Printa ikaanza kuvuta karatasi. Taratibu. Mstari kwa mstari. Ikatoka sura.

Alichukua karatasi ile bila kuitazama sana, akaenda nayo kwa Mzee Gasana, akamweleza yote, palepale mbele ya watu wa benchi. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Védastine alitamani atukanwe.

Alipanda lori mpaka njia ilipokatika, akatembea kando ya msitu akiuliza nyumba kwa nyumba. Alimkuta Mukankusi uani, ananawa udongo mikononi. Alikuwa ametoka kupaka ukuta wa nyumba yake, udongo mweupe, bado mbichi.

"Maman, nilikudanganya," Védastine alisema, magoti yakiwa chini. "Mutoto wako alikuwa kwetu. Nilimpoteza mimi, kwa uvivu. Nikakuaibisha mbele ya bantu, na aibu ilikuwa yangu."

Mukankusi hakumwinua. Alipokea karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mulipiga hii picha lini?"

"Hatukuipiga, Maman."

"Aliponipotea alikuwa na meno ya utoto." Sauti yake ilishuka. "Huyu ni musichana mukubwa. Angekuwa hivi sasa."

Védastine akasogea aone vizuri kwa mara ya kwanza. Msichana wa miaka kumi hivi, sweta la kijani limembana, mikono ya sweta imeishia viwikoni. Macho ni ya Mukankusi. Alikuwa ameegemea ukuta mweupe, karibu na kidirisha kilichozibwa kwa gunia.

"Na hii ukuta ni yangu," alisema Mukankusi.

Wote wawili wakageuka.

Karibu na kidirisha, kwenye udongo uliopakwa asubuhi ile, palikuwa na alama. Mabega mawili. Mgongo, na nyuzi za sweta zimejichora kama kitambaa kilichokandamizwa. Juu yake duara la kisogo, kwenye kimo cha mtoto wa miaka kumi.

Mukankusi alikwenda, akaweka kiganja ndani ya lile duara. Védastine alibaki amepiga magoti, asithubutu kuinua uso.

Mama yule alipoutoa mkono, katikati ya udongo mweupe zilikuwa zimenasa nywele chache, fupi, nyeusi.