Ufunguo wa Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Olga alichota maji kwenye bomba la mtaa, kisha akamsaidia mama yake kufunga chikwangue, mikate ya muhogo, kwenye majani. Walikaa Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kisangani, na bomba lile halikushuka kutoka mbinguni, ati! Lilijengwa na kikundi cha akiba cha akina mama. Kila Jumamosi walikutana, kila mmoja akaweka alichoweza, na sehemu ikaingia kwenye mfuko wa mshikamano, yaani fedha za kumsaidia mgonjwa au mfiwa, na za kazi za mtaa kama lile bomba.

Fedha zilikaa katika sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Sanduku lilikuwa kwa Mama Générose, rais wa kikundi, lakini yeye hakuwa na ufunguo hata mmoja. Funguo zilishikwa na wanawake watatu wa nyumba tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mmoja wao alikuwa mama yake Olga, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Olga. Ufunguo wake aliutundika nyuma ya picha ya Bikira Maria.

Basi huyu Olga, pamoja na akili zake zote za darasani, alipenda kujionyesha. Jumatatu aliuchukua ufunguo, akauvaa shingoni kwa uzi, akaenda nao mtoni kufua nguo.

"Muone hii!" aliwaambia wenzake. "Bila sisi, sanduku halifunguki!"

Walicheka, wakajitosa majini kuoga. Olga alipotoka, shingo ilikuwa tupu. Alipiga mbizi, akapapasa matope mpaka vidole vikafa ganzi. Wapi! Ufunguo ulikuwa umekwenda na maji.

Angesema siku ileile, mambo yangekuwa madogo. Lakini aliogopa kuchapwa, akafanya ujinga mkubwa zaidi: alichukua ufunguo wa kufuli kuukuu la banda la kuku, uliofanana na ule, akautundika nyuma ya picha.

Alhamisi, akitoka shuleni, alikuta watu wamejaa uani kwa Mama Générose. Mama Ursule, jirani yao, alikuwa amempakata mwanawe Merdi, mtoto wa miaka minne. Malaria ilikuwa imemmaliza damu. Midomo ilikuwa myeupe, na pumzi zilikuja kwa shida.

"Avuke sasa hivi," muuguzi wa zahanati ya Lubunga alisema. "Hapa hatuna damu ya kumwongezea."

Papa Zéphirin alikuwa tayari na mtumbwi wake wa injini, lakini mafuta hakuwa nayo, na hospitalini damu ingehitaji kulipiwa. Mumewe Ursule alikuwa mbali, Bafwasende, kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake haikupatikana. Lilibaki sanduku tu.

Ufunguo wa kwanza ulizunguka. Mama Claire, mshika ufunguo wa pili, akafungua lake. Mama Olga akaingiza wake. Ukagoma. Akaufuta kwa kitenge, akajaribu tena, jasho likimtoka.

"Mama Olga," alisema Mama Claire polepole, "hii si funguo yetu. Yetu ulipeleka wapi?"

"Sijui! Haijatoka kwangu hata siku moja!"

"Donc ilitembea yenyewe?"

"Tukate kufuli!" alisema Papa Zéphirin.

"Ah, hapana!" Mama Claire alilikumbatia sanduku. "Tukikata na tukute pesa imepunguka, nani atajibu? Tungoje wanachama wote Jumamosi."

"Jumamosi?" Ursule alipiga ukelele. "Jumamosi mutoto wangu atakuwa udongoni!"

Olga alisimama mlangoni. Mama yake, mtu asiyechukua hata kiberiti cha jirani bila kuomba, alikuwa anatazamwa kama mwizi. Na Merdi, aliyezoea kumkimbilia akimwita "yaya", yaani dada mkubwa, hakufumbua hata macho. Olga aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Kisha akasema kwa nguvu:

"Mama hana kosa! Ni mimi. Nilipoteza ufunguo mtoni, nikaweka wa banda la kuku."

Mama yake alimtazama tu, na mtazamo ule uliuma kuliko fimbo.

"Nani alikuona?" aliuliza Mama Générose.

"Mimi," alidakia Jemima, binti wa Mama Claire. "Aliivaa shingoni. Tulipotoka majini, haikuwako."

Mama Claire aliliachia sanduku.

"Bon. Sasa tunajua," alisema Mama Générose. "Leteni msumeno wa chuma!"

Papa Zéphirin alikata, chuma kikilia, huku kila mtu akisikiliza pumzi za Merdi. Kifuniko kilifunguliwa mbele ya wote. Fedha zilikuwa kamili. Mara wakakimbilia mtoni, na mtumbwi ukaondoka kwa kishindo.

Olga alikaa ukingoni akilia. Angekufa Merdi, angejisamehe vipi? Jua lilikuwa linainama simu ya Mama Générose ilipolia. Ursule alikuwa anacheka na kulia pamoja: Merdi amepata damu, amefumbua macho, anataka chikwangue!

Jumamosi, Mama Olga alilipa faini ya kikundi, na Olga akapewa kazi ya kuuza chikwangue kila jioni mpaka kufuli jipya lilipwe. Mama Claire alimwomba Mama Olga msamaha mbele ya wote.

"Funguo mpeni mwingine," alisema Mama Olga, macho chini.

"Hapana," alisema Ursule, Merdi akiwa mgongoni. "Irudi kwake. Mwanawe aliogopa, lakini alisema."

Wanawake walikubali. Mama Générose akamgeukia Olga.

"Kufuli tumenunua lingine, mwanangu. Mutoto hanunuliwi. Tunaweka pesa yetu humu kwa sababu tunaaminiana, na kwa kuaminiana tumejenga bomba na tumemvusha Merdi. Ukikosea, sema siku ileile. Usingoje mpaka mwenzako akaribie kufa."

Walipofika nyumbani, Mama Olga aliutundika ufunguo mpya nyuma ya picha ileile, Olga akiona.

"Mama, hunifichi?"

"Kwa nini nikufiche?" alijibu mama yake. "Niko na wewe wa kuulinda."