Mkwe Aliyebeba Mtaa Mzima

Yamaha ya Kule ilikata kona ya tatu kwenye mteremko wa Kasenyi, gurudumu la nyuma likitema changarawe.

Mbele yake, Land Cruiser nyeupe yenye namba za kibalozi ilikuwa ikishuka kuelekea ziwani.

Simu yake ya setilaiti, Thuraya, ikalia. Waya wake ulikuwa tayari sikioni.

"Kule, unamuona?" mkubwa wake akauliza.

"Niko naye."

"Ile valise isifike ziwani. Na yeye pia asifike. Umesikia?"

"Nimesikia, chef."

Moïse Kule, ajenti wa siri wa Kinshasa, alikuwa amemchunguza Floribert Katsuva miezi minne, akamjua mpaka akamchukia. Kila mlango wa maisha ya mtu yule ulifunguliwa na wakwe. Baba mkwe alimkatia viwanja viwili Bunia, akawa tajiri wa nyumba. Vita ya Ituri ilipopamba moto, shemeji yake, mkubwa kwa waasi, akampa cheo cha kusimamia ardhi. Mwaka huu wa 2002, mjomba wa mkewe akamtafutia pasipoti ya kibalozi. Jasho lake mwenyewe? Litafute kwa tochi.

Sasa ndani ya sanduku lake, ile valise, mlikuwa na hati za mtaa mzima wa Lumumba. Wenyewe walikuwa wamekimbia mapanga. Ng'ambo ya ziwa wanunuzi wa kigeni walikuwa wakingoja. Hati zikivuka, watu wale wangerudi kupiga hodi kwenye nyumba walimozaliwa.

Vizuizi vitatu vya askari vilikwisha iinulia gari ile kamba. Nani angethubutu kugusa mzigo wa balozi?

Kule alimjua mmoja.

Baada ya kona ya mwisho, katikati ya njia, alisimama Mama Hortense, mama mzazi wa Jeannine, mke wa Floribert. Kitenge, viatu vya plastiki, mikono kiunoni. Kule alimshusha pale alfajiri. Nyumba yake pia ilikuwa ndani ya valise.

Breki zikalia.

Kwao mkwe hampiti mama mkwe akiwa amekaa garini, wala hamnyimi kitu akiomba. Floribert angeweza kuvunja desturi, maana alikwisha vunja mengi. Lakini dereva wake alikuwa mpwa wa Jeannine, na mlinzi alikuwa binamu ya Jeannine. Wote wawili walikwisha zima gari na kushuka, macho chini.

Floribert naye akashuka.

"Jambo, mama. Niko mbio, niko na kazi ya serikali."

"Unipatie ile valise."

"Mama, ile hawaifungue. Iko ya diplomatie."

"Nilikupatia mutoto wangu, sikukuuliza karatasi. Nipatie."

Floribert akawageukia watu wake. Hakuna aliyeinua kichwa. Akaitoa garini, akamkabidhi mama.

Kule, aliyekuwa amesimamisha pikipiki nyuma yao, akasogea, akavunja kufuli kwa kisu. Hati zote zilikuwemo.

Akachomoa bastola yake, Browning.

"Piga magoti."

"Kule! Ngoja!" Mama Hortense alikwisha simama kati yao, kifua mbele ya mtutu. "Uliniambia valise tu."

"Mama, huyu alikuwa anauza nyumba yako."

"Najua. Iko mwizi. Lakini iko baba ya wajukuu wangu. Jeannine akuwe mujane juu yako?"

Nyuma ya bega la mama, Floribert akatabasamu.

"Kesho niko kwa mazungumzo ya amani, kijana. Nitakusalimia wakubwa zako."

Watu wangapi wa Lumumba walikufa bila mtu wa kusimama mbele yao hivi? Kule akarudisha bastola kiunoni.

Land Cruiser ikaendelea kuteremka.

Thuraya ikalia tena.

"Umemaliza?"

"Valise ninayo."

"Na mutu?"

Kule alimpandisha mama nyuma ya pikipiki, akampa valise aipakate. Wangerudi kwa njia ya ng'ombe, isiyo na vizuizi.

"Mutu iko na mama mukwe, chef."

Akakata simu, akawasha Yamaha.