Mvua ya Saa Saba Usiku

Kila asubuhi Tekla alifika shuleni kabla ya wenzake, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumngoja. Shangazi Philomena, aliyeishi naye pale Kisawasawa, kijiji cha chini ya milima, aliondoka alfajiri kupeleka ndizi barabarani, na nyumba ikabaki kimya. Tekla alifagia uwanja, akala kiporo cha wali, akafunga mlango, akatembea peke yake kando ya mfereji.

Alikuwa darasa la sita. Mwaka uliopita mama yake alifariki, na baba yake, Lukelo, akamleta kwa shangazi. Yeye mwenyewe alibaki Michenga, kule bondeni, kwenye mashamba ya mpunga. Mpunga ukianza kuiva, alihamia kabisa kwenye kibanda cha shambani ili kufukuza ndege.

"Nikiwa shamba nani atakupikia, mwanangu?" alimwambia siku ya kuagana. "Kaa na shangazi yako, usome."

Shuleni Tekla hakuzungumza sana. Wasichana wa darasa lake walikua pamoja tangu chekechea, na michezo yao ilikuwa na watu wa kutosha. Lakini alikuwa na kazi moja aliyoipenda. Nyuma ya madarasa kulikuwa na kipima mvua. Saa moja kamili asubuhi alipima maji yaliyomo, akayamwaga, kisha akaingiza namba kwenye kompyuta ya shule. Namba ilikwenda kwenye chama cha wakulima, na chama kikaituma kwa ujumbe wa simu kwa watu wa bondeni. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka hadi bondeni hata kama huko jua linawaka.

Mwalimu Aurelia ndiye aliyemchagua. Alimpa ufunguo wa chumba na neno la siri la kompyuta. "Ingiza namba tu, Tekla," alisema. "Usiguse kitu kingine."

Baba yake alikuwa mmoja wa waliopokea ujumbe ule. "Nikiona namba yako asubuhi," alimwambia siku moja kwa simu ya shangazi, "najua mwanangu ameamka salama." Tangu hapo Tekla aliitamka kila namba kwa sauti kabla ya kuituma, kama mtu anayesema shikamoo.

Kitu kimoja kilimsumbua. Saa ya kompyuta haikusema kama watu wa nyumbani. Ikiwa saa moja asubuhi, kioo kiliandika 07:00. Saa ya mkononi ya baba yake ilitegeshwa ili mshale mfupi uwe kwenye moja ikiwa saa moja, na kwa saa ile Tekla alijifunza kusoma majira. Siku moja alijaribu kuirudisha saa ya kompyuta nyuma. Intaneti ilipowaka, ikarudi palepale kwenye saba.

Kesho yake alichungulia kwenye mipangilio, akakuta mahali palipoandikwa ukanda wa saa. Hapo ndipo kompyuta inapoambiwa iko upande gani wa dunia, ili ionyeshe saa ya mahali hapo. Ilikuwa imeandikwa Dar es Salaam. Tekla aliisogeza alama kwenye ramani kuelekea magharibi, mji baada ya mji, mpaka saa ikasoma 01:00. Mji ule uliitwa Sao Paulo, kule Brazili. Kompyuta ikadai neno la siri. Akasita kidogo, kisha akaliandika.

"Sasa tunaelewana," aliiambia kompyuta, akacheka. Hakukuwa na mwingine wa kumwambia.

Hakuna aliyegundua, maana kila aliyeitupia jicho saa ile aliona namba ileile ambayo angeitamka mdomoni.

Majuma yakapita. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, Bwana Sylvanus, msimamizi wa chama cha wakulima, alifika shuleni kwa pikipiki. Alikuwa na karatasi mkononi. Mwalimu Aurelia akamwita Tekla ofisini.

"Shikamooni," Tekla alisema.

"Marahaba," walijibu. Bwana Sylvanus hakutabasamu. "Binti, namba za mvua unaziandika wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Alimsogezea karatasi. "Kompyuta yenu inasema zinaandikwa saa saba usiku. Kila siku, kwa majuma kadhaa. Shule imefungwa, watu wamelala. Nani anapima mvua saa saba usiku?"

Tekla alimtazama Mwalimu Aurelia. Mwalimu naye alikuwa akimtazama yeye.

"Nilipima," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipima kweli."

"Leo imeandikwa milimita themanini na mbili," Bwana Sylvanus aliendelea. "Nikiwaambia watu wahame mashambani, kumbe namba ya kubuni, siku nyingine nani atanisikiliza? Mwalimu, namba za shule hii nazisimamisha kwanza."

"Mvua imenyesha, hilo nimelisikia," alisema Mwalimu. "Ila kiasi chake sikijui." Akanyoosha mkono, na Tekla akampa ufunguo. Kazi ikapewa mvulana aliyeitwa Evod.

Habari ilifika darasani kabla ya Tekla kuketi. "Mpima mvua wa usiku!" mtu mmoja alinong'ona, na wengine wakacheka. Msichana wa pembeni yake akasogea mwisho wa dawati. Kengele ya mapumziko ilipolia, Tekla alikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Leo Baba hakupata namba, alifikiri, na kesho ataamka, atazame simu, asione kitu. Atadhani naumwa.

Ndipo maneno ya Bwana Sylvanus yakamrudia. Saa saba usiku. Kompyuta huiandikaje saa saba usiku? Huiandika 01:00.

Ni yeye mwenyewe aliyefanya hivyo.

Alijua pia kwamba angeweza kunyamaza. Kesho namba ya Evod nayo ingeonyesha saa saba usiku, watu wangesema mashine imeharibika, na jina lake lingesafishika bila yeye kusema neno. Kilichotakiwa ni kusubiri tu. Lakini milimani mawingu yalikuwa bado meusi, na maji ya usiku yalikuwa tayari njiani. Baba yake alikuwa kwenye kibanda, chini ya jua, hajui lolote.

Akasikia pikipiki ya Bwana Sylvanus, aliyekawia ofisini, ikiwashwa, akakimbia.

"Bwana Sylvanus! Naomba usiondoke! Mwalimu, ni mimi. Niliibadilisha saa."

Walirudi naye kwenye kompyuta. Ilikuwa saa nne na nusu, na kioo kilisoma 04:30.

"Mbona iko sawa?" Bwana Sylvanus aliuliza.

"Iko sawa kwa jinsi sisi tunavyotamka," Tekla alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini yenyewe inadhani ni alfajiri. Nimeiambia iko Brazili."

Kompyuta ile ilitumia mfumo wa Linux. Mwalimu Aurelia alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika neno moja, timedatectl, la kuiuliza kompyuta saa yake na ukanda wake. Mistari ikatokea, na mmojawapo ulisema Sao Paulo. Mwalimu hakukaripia. Akampisha kiti. "Irudishe nyumbani."

Tekla akachagua Afrika, kisha Dar es Salaam. Saa ikaruka hadi 10:30.

Bwana Sylvanus alikuwa ameinamia karatasi, akiongeza saa sita kwa kila mstari. "Asubuhi," alinong'ona. "Na hii asubuhi. Zote asubuhi." Akaitoa simu mfukoni haraka. "Basi hata themanini na mbili ni ya kweli! Ngoja niwatumie watu ujumbe."

Maji yalifika Michenga alfajiri iliyofuata. Yalibeba vibanda na kulaza mpunga mwingi, lakini watu walikuwa wameshapanda kwenye mwinuko. Mchana, simu ya Mwalimu Aurelia ikaita.

"Tekla?" Ilikuwa sauti ya baba yake. "Kibanda kimekwenda, mwanangu. Mimi nipo."

Tekla alilia mpaka simu ikakatika.

Mwalimu Aurelia alisubiri anyamaze. "Namba zako zilikuwa za kweli," alisema, "na nasikitika kwamba tulikuhukumu kabla hatujakagua mashine. Lakini wewe ulibadilisha kitu kinachotegemewa na watu wengi, bila kumwambia mtu. Ndiyo maana ukweli wako ukaonekana uongo. Ungeendelea kunyamaza, ungejiokoa wewe na kuwaacha wa bondeni kwenye maji. Ufunguo utakaa kwa Evod mpaka mwisho wa muhula, nawe utamfundisha kupima."

"Sawa, Mwalimu."

"Na jambo moja bado." Mwalimu alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Kila asubuhi nilikuona ukifika mapema, nikasema, huyu mtoto ana bidii. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Kosa hilo ni langu. Ukiwa na jambo moyoni, usiiambie kompyuta. Tuambie sisi. Haya, nieleze, kule nyumbani asubuhi huwa uko na nani?"

Tekla akafuta macho, akaanza kumweleza.