Povu la Bia ya Kaveke

Siku ya soko Emali, Ndinda alikuwa amepanga glasi zake za kuuza juu ya turubai, amevaa dera la zambarau. Kijana mrefu mwenye shati la kitenge akainama, akachukua glasi moja, akainusa.

"Kaka, hilo si ua," Ndinda akamwambia.

"Natafuta harufu ya mafuta. Glasi ikiwa na mafuta hata kidogo, povu la bia linakufa."

"Aiya! Sasa wewe unakunywa bia ama unakunywa povu?"

Kijana akacheka. Aliitwa Kaveke, na alikuwa akijipikia bia ya mtama nyumbani kwake Makindu. Bia ilikuwa tamu, lakini povu lilipanda vizuri kisha likazama kabla mtu hajameza. Alibeba glasi kadhaa, akaacha namba ya simu.

Mapenzi yakashika moto.

"Umekula, mwendwa wangu?" Kaveke alipiga simu kila jioni.

"Nimekula. Na povu?"

"Bado linanitesa."

"Wa kukutesa niwe mimi peke yangu."

Jumapili moja, akitoka kanisani, Ndinda akaenda Makindu bila kusema, na chapati moto mkobani. Mlangoni akasikia kicheko cha mwanamke. Ndani, dada wa jinzi ya kubana na lipstiki nyekundu alikuwa ameketi na glasi mkononi. Kaveke alikuwa amepiga magoti mbele ya glasi nyingine.

"Bado limesimama! Mutanu, wewe ni malaika!"

Kifua cha Ndinda kikawaka. "Malaika? Na mimi jana uliniita nani?"

"Ndinda! Njoo uone. Mutanu alifanya kazi kiwanda cha bia. Ameniambia nichanganye ngano, glasi nisuuze sabuni yote itoke. Angalia hii imesimama. Povu la glasi yake limezama kwa sababu ya lipstiki, nayo ni mafuta."

"Hizo glasi ni zangu! Nilikupa ndio wengine waje kuchora midomo?"

"Dada, mimi nina bwana," Mutanu akasema.

"Wenye mabwana ndio hatari!"

Akaondoka na chapati zake. Simu akazima. Wiki nzima, kila mteja mwenye midomo myekundu aliuziwa kwa uso uliokunjwa.

Siku ya soko Kaveke akaja, akasimama mbele ya turubai.

"Unampenda?" Ndinda akauliza bila salamu.

"Mutanu huingia kwangu wazi, kila mtu akiona. Wewe ukija unajifunika leso mpaka machoni. Mama yako hajui hata jina langu. Kati yetu, nani ana haki ya kuona wivu?"

Maneno yakamchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Mama yake aliongoza maombi ya akina mama, na pombe kwake ilikuwa dhambi isiyotajwa mezani. Ndinda akawasha simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu ili Kaveke asikie.

"Mwaitu, kuna mwanaume nataka kukuletea. Anaitwa Kaveke. Anapika bia."

Malori yakapita.

"Huyo Kaveke," mama akauliza, "ana mwanamke mwingine?"

"Sina, mama," Kaveke akajibu mwenyewe. "Namtaka Ndinda. Nataka kumuoa."

Mama akamwambia Ndinda:

"Basi aje Jumamosi. Hiyo bia aiache huko kwake."

Ndinda akakata simu, akamshika Kaveke mkono, soko zima likitazama.