Fundi Aliyesahau Kupima

Kila asubuhi fundi alianza kazi kwa mambo matatu. Alifagia vipande vya vitambaa vilivyobaki jana. Alitia mafuta cherehani. Kisha alichukua simu, akatuma picha moja ile ile kwenye ukurasa wake na kwenye makundi kumi na manne.

Picha ilikuwa ya jalada la kitabu. Kitabu kiliitwa "Kila Saa Mbili: Kumuuguza Mgonjwa wa Kitandani." Chini ya picha aliandika maneno yale yale: "Kitabu kipo. Nunua sasa." Akishatuma, alitia simu kwenye droo ya nyuzi na kuanza kushona. Hakusoma wenzake wameandika nini. Alisema hana muda wa porojo.

Kitabu hicho alikiandika mwenyewe. Usishangae, fundi nguo naye ana ya kusema. Mkewe alipooza, akalala miaka miwili katika chumba cha nyuma. Fundi alimwosha, alimlisha, alimfulia. Lakini mwanzoni hakujua kwamba mgonjwa wa namna hiyo lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili. Alimwacha alale chali kutwa, akidhani anampumzisha. Mgongo ukafanya vidonda. Muuguzi alipokuja kumfundisha, vidonda vilikuwa vimeshakwenda ndani. Mkewe aliteseka sana kabla ya kufa, na fundi hakujisamehe. Ndiyo maana aliandika. Alitaka mtu mwingine ajue mapema yale ambayo yeye aliyajua kwa kuchelewa.

Mwaka ukapita. Vitabu vilikaa kwenye maboksi manne, pale pale kitanda kilipokuwa. Waliochukua nakala walikuwa watu sita, na wawili kati yao ni mashemeji. Unyevu ulianza kupanda kutoka sakafuni. Kila alipoingia chumba kile, fundi alihisi mkewe ameumia bure.

Asubuhi moja, mara tu baada ya kutuma picha yake, simu ililia. Alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe.

"Shemeji, umesoma kundi la ukoo leo?"

"Bado. Nimetuma kitabu tu."

"Tumekiona. Shangazi yetu amefariki alfajiri. Tumetangaza msiba, watu wanatoa pole, mara tunaona 'Kitabu kipo, nunua sasa.' Chini ya picha ya marehemu, shemeji."

Fundi akasema, "Sikujua."

"Hukujua kwa sababu husomi. Mwaka mzima unatupigia kelele tu. Wazee wameniambia nikutoe kwenye kundi, na nimekutoa. Mazishi ni saa kumi. Njoo, ila usije na kitabu."

Fundi alikwenda mazishini, akakaa nyuma kabisa. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Kesho yake Mama Maktaba alikuja kuchukua sketi yake. Mwanamke huyu alikuwa jirani, na alifanya kazi katika maktaba ya mtaa. Alimkuta fundi ameinamia cherehani, na cherehani haitembei.

"Fundi, leo umenyong'onyea. Kulikoni?"

Fundi akamwambia yote. Hakuficha hata neno la wazee. Kisha akasema, "Basi, nimeshachoka. Vitabu nitawapa wauza karanga, wafungie karanga zao. Angalau vitashikwa na mtu."

"Acha karanga. Nionyeshe hiyo simu."

Mama Maktaba alifungua ukurasa wa fundi. Akashuka chini, akazidi kushuka. Picha ile ile, maneno yale yale. Watu wachache walikuwa wameandika maoni mwanzoni. Hakuna aliyejibiwa.

"Hebu niambie," akasema. "Mteja akiingia hapa, unaanza na nini?"

"Namsalimu. Namuuliza anataka nguo ya wapi, ya kazini au ya harusini. Kisha nampima."

"Humrushii suruali usoni ukamwambia nunua?"

"Si atakimbia."

"Sasa fundi wangu, humu umewarushia watu suruali mwaka mzima. Hujamsalimu mtu, hujampima mtu."

Siku nyingine fundi angecheka. Alikuna kichwa tu.

"Mimi niliamini kitabu kizuri kinajisemea," alisema. "Mwandishi akianza kujibizana na watu, anajishusha."

"Kitabu kinajisemea kikishafunguliwa. Chako hakijafunguliwa." Mama Maktaba alisogeza simu karibu na macho. "Na hizi jumbe za watu tisa mbona hujazisoma?"

"Zipi?"

"Hizi hapa, kwenye maombi ya ujumbe. Mtu usiyemjua akikuandikia, maneno yake yanakaa pembeni mpaka uyafungue."

"Nilidhani ni matangazo ya watu."

Walifungua wa kwanza. Ulikuwa wa binti mmoja, wa miezi mitano nyuma. Mama Maktaba aliusoma kwa sauti.

"Shikamoo mzee. Namuuguza mama, amelala mwezi wa tatu sasa. Mgongo umeanza kuwa mwekundu. Nimeona kitabu chako. Nifanye nini?"

Chini yake palikuwa na mwingine, wa wiki moja baadaye: "Mzee, bado nasubiri. Sasa pametoboka."

Na chini yake tena, wa mwezi uliofuata: "Mama ametutoka. Asante."

Hiyo asante ndiyo iliyomchoma. Fundi alishika sketi ya watu, akafunika nayo uso, akalia. Mtu yule yule ambaye fundi alimwandikia kitabu alikuja mpaka mlangoni, akabisha hodi mara tatu. Yeye alikuwa ndani, anatuma picha.

Mama Maktaba hakumdanganya. "Siwezi kukuambia huna kosa. Lakini wako wanane wengine, na hujui hali zao."

"Huyu nimwambie nini?"

"Ukweli. Na kitabu usikitaje."

Fundi aliandika polepole, kwa kidole kimoja: "Binti yangu, pole kwa kumpoteza mama. Ulinibisha hodi, nami nilikuwepo, nikanyamaza. Naomba radhi." Akatuma. Jibu halikuja siku hiyo, wala wiki hiyo.

Wale wanane aliwajibu wote jioni ile. Wawili walikuwa wameshafiwa. Mmoja alijibu kwa neno moja tu: "Umechelewa." Fundi alilisoma neno hilo mara nyingi, maana alilijua vizuri.

Tangu hapo Mama Maktaba alipita kwa fundi kila akitoka kazini. Kwanza alimtaka ajitoe kwenye makundi kumi. "La wauza magari unatafuta nini? La timu ya mpira je? Baki panapokuhusu. Na kabla ya kuandika, soma. Ukikuta msiba, toa pole. Ukikuta furaha, furahi nao. Watu wakuzoee kwanza kama mtu."

"Na kwenye ukurasa wangu?"

"Chagua siku moja ya wiki, wajue siku hiyo upo. Wasimulie jambo moja dogo kutoka kitabuni. Usiseme nunua. Mwishoni waulize swali, lakini liwe swali ambalo kweli unataka jibu lake. Wakijibu, nawe wajibu."

"Wote?"

"Kwani ni milioni ngapi? Wajibu wote. Na akitokea mtu anataja ugonjwa wa nyumbani kwake, usimchimbe mbele za watu. Mfuate pembeni, na usimwombe jina la mgonjwa wala picha. Halafu usijifanye daktari. Kidonda kina muuguzi wake, wewe una hadithi yako."

Jumatatu ya kwanza fundi aliandika hivi: "Mke wangu hakuweza kusema. Nilijua anaumia kwa kutazama kidole chake cha mwisho, mkono wa kushoto. Kilikuwa kinajikunja. Mgonjwa wako anakuambiaje kwamba anaumia?"

Walijibu watu watatu. Mmoja alisema baba yake hufumba jicho moja. Fundi alimuuliza, "Hata akiwa na kiu?" Wakaongea nusu saa. Jumatatu ya pili walijibu kumi na mmoja, wakaanza hata kupeana pole wenyewe kwa wenyewe.

Mmoja alikuja na kejeli: "Fundi suruali tangu lini kawa daktari?"

Vidole vya fundi viliwasha. Alikuwa ameshaandika matusi mawili ya nguvu Mama Maktaba alipoingia.

"Futa," alisema. "Akutukanaye hakuchagulii tusi. Wanaosoma wanakutazama wewe, si yeye."

Fundi akafuta. Akaandika: "Mimi si daktari, ndugu. Nasimulia nilipokosea, ili wewe usikosee." Yule hakurudi. Ila watu wanne waliuliza siku ile ile kitabu kinapatikana wapi.

Miezi ikaenda. Boksi la kwanza likaisha, la pili likafunguliwa. Maktaba iliweka nakala tano, na ilikuwa nadra kuzikuta zote rafuni. Fundi alikwenda mwenyewe kwa wazee wa ukoo, akaomba radhi ana kwa ana. Shemeji akamrudisha kwenye kundi. Fundi aliandika neno moja, "Nashukuru," kisha akaendelea kusoma ya wenzake.

Lakini yule binti hakujibu. Kila asubuhi, kabla hata ya kufagia, fundi alitazama kwanza maombi ya ujumbe. Hakuwa na raha.

Asubuhi moja alimkuta.

"Mzee, radhi yako niliipata. Nilikuwa na hasira, nikaiacha kwanza. Mimi kitabu hakinifai tena. Ila jirani yangu anamuuguza mumewe, na kusoma hajui vizuri. Nitumie kimoja, nitamsomea mimi."

Fundi alienda chumba cha nyuma, akachukua nakala, akaipangusa. Alitafuta karatasi ya kuifungia. Kisha akasimama. Alikuwa hajapima.

Akaandika: "Huyo mumewe anaweza kugeuka mwenyewe?"

"Hawezi. Na tangu jana mgongo umekuwa mwekundu."

"Usisubiri kitabu, binti yangu. Mwiteni muuguzi wa zahanati leo hii. Na sasa hivi nendeni mkamlaze ubavu."

"Naenda."

Fundi aliweka simu juu ya cherehani, si kwenye droo. Alikunja pindo za suruali tatu huku akitazama saa ya ukutani. Zilipotimia saa mbili tangu binti aende, akaosha mikono, akaandika tena.

"Mmeshamgeuza upande wa pili?"

Jibu lilikuja papo hapo. "Tunamgeuza sasa, mzee. Muuguzi naye yuko njiani."