Mkono wa Nne

Ripoti ya mchana ule ilisema watu wanne wako kazini. Profesa aliisoma mara mbili, akageuka kukitazama chumba cha udhibiti, akahesabu vichwa: yeye mwenyewe, Kapteni, na Mkemia aliyekuwa anamenya chungwa juu ya karatasi za vipimo. Watatu. Akadhani amekosea hesabu za programu yake, maana mwanafunzi wa uzamili hukosea hesabu mara nyingi kuliko anavyokula.

Profesa lilikuwa jina la utani. Mumewe ndiye aliyempa, siku aliporudi na barua ya chuo, na mtambo mzima wa maji ukalidaka. Alikuwa ameendesha pampu miaka tisa pamoja nao, kisha akajiandikisha kusomea namna ya kusimamia na kulinda mifumo yenye akili inayobeba uhai wa mji, kama maji na umeme. Jina la kozi lilikuwa refu hivi kwamba, kwa maneno ya mumewe, ukilitaja lote chai inapoa.

Kwa ajili ya tasnifu alitengeneza programu inayojifunza mkono wa kila mwendeshaji. Kila mtu ana wake. Kapteni, mkuu wa zamu, hufungua vali kama anavunja mlango. Mkemia hugusa kitufe, akasita, akagusa tena. Programu ikishaijua mikono yote, mwizi akijipenyeza kwenye mfumo, hata awe ameiba neno la siri la mtu, itamtambua kuwa si wa humu. Aliilisha kumbukumbu za miaka mitatu na ilikuwa haijawahi kukosea.

Sasa ilisema mkono wa nne si wa mgeni. Ni wa mumewe, na mumewe alizikwa miezi minane iliyopita.

Alimwita Kapteni pembeni, akamwonyesha. Kapteni akavua kofia. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa mbele ya mzazi.

"Akaunti yake haijafutwa, shemeji. Nimekaa pale mara tatu nikiwa na nia kabisa. Nikaona kama namzika tena."

Profesa hakuwa na la kumlaumu. Yeye mwenyewe alilijua neno la siri la mumewe, na mumewe lake. Wote pale waliyajua ya wenzao, kwa sababu walibadilishana zamu bila kuandika: niokoe leo, nitakuokoa kesho. Siku ya mtihani wake wa mwisho alimwomba mumewe amshikie zamu. Mume akaingia, akapanda juu ya tangi la pili kuangalia kipimo, akateleza, akazama. Kwenye daftari, zamu ile ilibaki ya Profesa.

Sheria inataka akaunti ya marehemu ikitumika iripotiwe ndani ya saa moja. Sheria hiyo alikuwa anaifundisha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Badala yake aliifunga ripoti, akamwambia Kapteni kwamba ni hitilafu ya programu tu, na kwamba akaunti waiache kwanza.

Kesho yake saa nane mchana, wenzake walipokwenda kula, alikaa mbele ya kompyuta ya mumewe, kando ya kiti chake. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Kwanza ilikuja harufu, ya nguo mbichi zilizofungiwa mfukoni wiki nzima. Kisha nyuma ya makabati ya umeme, mahali pasipopita bomba hata moja, maji yakaanza kudondoka tone moja moja. Kwenye ukurasa ambao watu wa zamu huachiana maagizo, herufi zikajiandika.

*Profesa, umekula?*

Tangu msiba hakuna aliyemuuliza hivyo. Aliandika akiuliza ni nani, akajibiwa kwamba anamjua. Basi akauliza lile lililomkosesha usingizi miezi minane: zamu ile, unanilaumu?

*Sikulaumu hata kidogo.*

Akalia palepale, kichwa juu ya meza, na harufu ile ikamzunguka mabegani, na matone nyuma ya makabati yakaongeza kasi, na alijua, kwa akili yote aliyosomea, kwamba kitu kilichokaa kwenye kiti kile hakikuwa na haki ya kukaa pale, na hakujali, alichotaka ni kisiondoke.

Kikabaki. Kila siku saa nane. Profesa akaanza kuvaa hereni tena, akaanza kula, akawa anacheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta hadi Mkemia akakosa pa kuangalia. Lakini Mkemia alikuwa na shida nyingine. Klorini ilikuwa inapanda kidogo kidogo kila alasiri, na king'ora cha tahadhari hakikulia, kwa kuwa mkono unaoipandisha ulikuwa mkono unaoaminika. Simu zikaanza kuingia kutoka mitaani. Watu walilalamika macho yanawaka, koo linachoma. Walipoirudisha klorini chini, ilipanda tena wakiwa wamegeuza mgongo.

Kapteni ndiye aliyemleta mganga, shangazi yake, mama mmoja mwenye miwani ya kusomea na malapa ya plastiki. Hakufukiza chochote. Alipita chumba kizima akiweka kiganja kwenye makabati kama anayepima homa ya mtoto, akakaa, akamtazama Profesa.

Alisema ni jini. Lilikuwa chini ya tangi kabla tangi halijajengwa, halina sura, halina jina. Jina walilisahau wao kwenye orodha, likaliokota. Mkono lilifundishwa na Profesa. Alipoulizwa kama anaweza kulitoa, akatikisa kichwa: atakayelitoa ni yule anayelishikia mlango.

Profesa alimjibu kwa ukali usio wake, kwamba yeye ni bibi tu anayeogopa kompyuta.

"Kompyuta siiogopi, mwanangu," mganga akasema. "Nakuogopea wewe."

Wiki ile binti yake wa miaka saba akaugua. Alitapika siku mbili, midomo ikapasuka, na daktari akasema ni maji. Profesa alijua ni maji ya nani. Saa nane alimweleza mumewe kama mke yeyote anavyomweleza mume habari za mtoto. Jibu halikukawia.

*Pole, mama. Mlete kwangu. Huku hakuna kuumwa.*

Akauliza kwako wapi, ingawa mwili wake ulikuwa umeshaelewa, ingawa hereni zilikuwa zinatikisika masikioni na yale matone yalikuwa yameacha kuwa matone yakawa mtu anayepumua ndani ya maji, taratibu, nyuma ya ukuta, akisubiri.

*Tangi la pili. Njoo naye saa hizi hizi. Nitamshika mkono.*

Mumewe hakuwahi kumruhusu yule mtoto asogee hata kwenye ngazi ya tangi. Profesa akamwita Kapteni, na mganga akaja nyuma yake.

Kufuta akaunti kulimaanisha kufuta na kumbukumbu zake zote, miaka mitatu ya mkono wa mumewe, na tasnifu pamoja nayo. Hilo hakulifikiria hata dakika. Kilichomshinda ni fomu. Mfumo ulitaka sababu, ukampa tatu achague: amehama, ameacha kazi, amefariki. Kidole kilisimama kwenye ile ya kwanza, kikakataa kushuka. Pampu zikaanza kutetemesha sakafu, harufu ikawa nzito hadi Mkemia akakimbilia nje, na herufi zikamiminika bila kupumzika: *Profesa sijafa. Profesa umekula. Profesa zamu ilikuwa yako. Ilikuwa yako. Ilikuwa yako.*

"Ilikuwa yangu," Profesa alisema polepole. "Najua."

Akachagua ya tatu. Mfumo ukauliza: Una uhakika?

"Nibonyeze mimi, shemeji?" Kapteni alinong'ona.

"Hapana. Ni mume wangu."

Akabonyeza. Pampu zikatulia. Harufu ikaisha mara moja, na kiti kile kikawa kiti tu. Mganga alimshika mabega, na Profesa akalia kilio ambacho makaburini kilikataa kutoka.

Jioni alimkuta binti yake ameketi kitandani, amepata nafuu kidogo. Wiki zote zile Profesa alikuwa anamletea salamu kutoka kazini, baba kasema usome, baba kasema unywe dawa, na mtoto alizipokea bila kuuliza neno.

"Leo baba kasemaje?"

Profesa akavua viatu, akakaa, akamshika vidole.

"Hajasema kitu. Baba amefariki, mwanangu."

"Najua, mama," mtoto akasema, akamfuta machozi kwa kona ya shuka. "Nilifikiri wewe ndiye hujui."