Tiki Saba za Fundi Lifti

"Umeandika nini hapo?"

"Tulia, nimebakiza moja."

"Nimekuuliza umeandika nini!"

Mshonaji alikuwa amesimama katikati ya korido ya kliniki, mkono mmoja umeshika kikopo cha mkojo, mwingine uko kiunoni, mimba ya miezi mitano imemtangulia. Alikuwa ametoka dakika tano tu kwenda chooni. Karatasi aliyopewa na mkunga, akaambiwa aijaze yeye mwenyewe, alimwachia mumewe amshikie. Amshikie tu. Sasa bwana mkubwa amekunja nne kwenye benchi, kalamu ya kazini mkononi, anaweka tiki kama karani mwenye haraka ya kufunga ofisi.

"Maswali yenyewe saba tu," alisema mume. "Katika wiki mbili zilizopita umekuwa na wasiwasi? Hapana kabisa. Unashindwa kuzuia mawazo? Hapana kabisa. Unapata shida kutulia? Hapana kabisa. Haya, tumemaliza."

"Na uliniuliza?"

"Nikuulize nini? Mimi si naishi na wewe?"

Jamani, kuna wanaume ukiwapa mkoba wakushikie watakurudishia wameshaupanga upya. Huyu ni fundi lifti, wenzake humwita Ghorofa. Kazini kwao kila lifti ina kadi ya ukaguzi yenye visanduku: milango, kamba, breki, taa. Ghorofa ana mtindo wake. Anatiki kadi nzima kwanza akiwa chini, ndipo anapanda kukagua. Anasema inaokoa muda.

Siku nyingine mkewe angemchambua mpaka acheke. Leo hakuwa na hamu, maana tangu juzi walikuwa wanazungumza kwa "ndiyo" na "hapana".

Juzi hiyo Mshonaji alimpigia mumewe simu mara kumi na moja kabla ya saa sita mchana. Simu zikaacha kupokelewa, akahamia kwenye ujumbe.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba. Kuna nini?"

"Hakuna. Uko na nani?"

"NIKO KAZINI. Acha kunichunga!"

Kisha simu ikazimwa. Mshonaji akaliacha gauni la mteja kwenye cherehani, akarudi mara nne kuhakikisha pasi imezimwa, akavuka mji mzima na kupanda ngazi za ghorofa saba, kwa sababu lifti hapandi. Alimkuta mumewe kakaa na wenzake, mdomo umejaa mkate. Mafundi wakapasuka kwa kicheko.

"Ghorofa, leo umekamatwa!"

Jioni yake mume akatema maneno ambayo hadi sasa hajayafuta: "Kama huniamini, nenda kwenu ukapumzike. Mimi si mtoto wa kuchungwa."

Mshonaji alipanga nguo kwenye begi, akaliweka nyuma ya mlango. Kliniki ikiisha, analipitia na kwenda kwao. Mume hajui.

Mlango wa chumba cha mkunga ukafunguliwa.

"Mama, karibu. Na baba pia."

Mshonaji akaitazama ile karatasi. Angeweza kusema haikujazwa na yeye. Lakini akisema kweli, si wataandika kwenye kadi kwamba ana wazimu? Na mwenye wazimu anaachiwa mtoto? Akaichukua hivyohivyo, akaingia.

Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Aliisoma karatasi, akamtazama Mshonaji, akaisoma tena.

"Alama sifuri," alisema. "Mama, mimi nikijaza hii sipati sifuri. Foleni ya leo peke yake inanipa tatu."

"Mke wangu yuko imara," Ghorofa alisema kwa fahari.

"Baba, sijakuuliza. Na hizi tiki zenye mikia ni za nani?"

Ghorofa akajikohoza.

"Nilimsaidia tu."

"Ulimsaidia na kubeba mimba?"

"Hiyo... mwanzoni nilisaidia."

"Toka nje, baba. Kalamu yako chukua."

Mlango ulipofungwa, mkunga akachana ile karatasi, akatoa nyingine safi.

"Sasa wewe. Kabla ya kujaza, kuna kinachokuogopesha?"

"Mtaandika kwamba nina wazimu."

"Karatasi hii haimwiti mtu mwendawazimu. Haitoi hata jina la ugonjwa. Inaniambia tu nani nikae naye zaidi. Nawauliza wajawazito wote, kama ninavyowapima presha."

"Na mtoto hamtamchukua?"

"Tumpeleke wapi, mama? Sisi wenyewe hapa tunagombea viti."

Mshonaji akacheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. Mkunga akamsogezea kitambaa, akangoja bila kumharakisha.

"Kila mtu ananiambia nipunguze mawazo," Mshonaji alisema, hasira ikimpanda. "Mama mkwe, wifi, jirani, mpaka mwenye duka! Nipunguze kwa swichi ipi? Mimba ya kwanza nilisema tumbo linanikaza, wakaniambia usijali. Ikatoka. Miezi mitano, kama hii. Sasa nikisikia 'usijali' natamani kumtupia mtu mkasi."

"Ndiyo maana sitakuambia. Jaza."

Akajaza. Usiku hapumziki, zaidi ya nusu ya siku. Moyo haukubali kutulia, karibu kila siku. Swali la mwisho liliuliza kama anaogopa, kana kwamba jambo baya litatokea. Aliweka tiki kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Karibu kila siku.

Mkunga akajumlisha. "Kumi na sita. Kati ya ishirini na moja."

"Nimefeli?"

"Si mtihani. Maana yake umebeba mzigo mkubwa, na umeubeba kimya. Alhamisi utakaa na mshauri wetu, mzungumze kwa kina. Daktari naye atakuona. Ikihitajika dawa, mtachagua pamoja ile inayofaa ukiwa na mimba. Hali hii ina msaada, mama. Na huyo wa nje, nimwite au nimwache?"

Mshonaji akalifikiria begi nyuma ya mlango.

"Mwite. Nimechoka kumeza."

Ghorofa aliingia, akaiona namba kumi na sita imezungushiwa duara. Sura ikamshuka.

"Kumi na sita? Kwa sababu yangu? Mke wangu, naapa, sina mwanamke."

"Mwanamke?" Mshonaji aliinuka. "Nani kataja mwanamke? Ungekuwa na mwanamke angalau ningejua uko hai!"

"Sasa zile simu..."

"Simu za kujua kama umeanguka! Kuna siku nilikuletea chakula kazini, nikakuona unatiki kadi nzima ukiwa umekaa kwenye ngazi. Kisanduku cha breki ulikitiki huku unatafuna! Kisha ukapanda juu ya lifti ambayo hujaikagua. Tangu siku hiyo nikifumba macho nakuona uko chini ya shimo. Nikipiga, hupokei. Ukipokea, unasema nakuchunga!"

Ghorofa alifungua mdomo. "Mke wangu, usi..."

Mkunga akamtazama juu ya miwani. Neno likarudi lilikotoka.

"Na hata kama ungekuwa unakagua vizuri," Mshonaji aliendelea, sauti imepungua, "bado ningeogopa. Hilo nalijua. Naogopa pasi, naogopa ngazi, naogopa mtoto akinyamaza tumboni na naogopa akicheza. Nimechoka kuogopa. Lakini wewe umekuja umenitiki kama lifti. Hapana kabisa, hapana kabisa, saba. Unaishi na mimi na hukuona hata moja?"

Ghorofa akakaa. Mikono ile inayoinua mota za lifti hakujua aiweke wapi.

"Niliona," alisema polepole. "Niliona hulali. Niliona unarudia pasi. Nilitiki hivyo kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Siku ile mimba ilipotoka, ni mimi niliyesema usijali. Nakumbuka kila siku. Nisamehe."

Mshonaji hakusema amemsamehe. Alikaa kiti cha pili, akageuza uso dirishani, akapangusa pua.

"Nina begi nyuma ya mlango," alisema.

"Nililiona asubuhi," Ghorofa alijibu. "Nikasema labda ni nguo za wateja."

"Unaona? Umetiki tena!"

Mkunga akageukia kabati, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Nifanye nini?" Ghorofa aliuliza. Hakuwa anamuuliza mkunga.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Mshonaji swali hilo na kungoja jibu.

"Alhamisi unisindikize," alisema. "Ukae nje. Na ukiniuliza hali yangu, ungoje nimalize."

Begi lilifunguliwa siku hiyohiyo, ingawa nguo hazikurudi kabatini zote. Mbili tatu zilibaki ndani mpaka baada ya Alhamisi ya tatu, ili bwana mkubwa asibweteke.

Ijumaa iliyofuata Alhamisi hiyo, Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, mtoto anapiga teke chini ya kanda ya kupimia, simu ikalia. Ilikuwa picha ya kadi ya ukaguzi. Visanduku vyote vitupu.

"Napanda sasa. Sitiki mpaka nione kwa macho."

Dakika arobaini zilipita. Aliziona zote, moja moja, kama alivyofundishwa na mshauri, akipumua na kuhesabu. Alitamani kupiga. Hakupiga. Simu ikalia tena, picha ya kadi ileile, tiki zimejaa.

"Breki nimeishika kwa mkono wangu. Ni sawa. Na wewe je?"

Mshonaji alianza kuandika "sawa" kwa mazoea. Akaifuta.

"Si sawa sana. Nimerudi kuangalia pasi mara mbili. Lakini juzi zilikuwa nne."

Akangoja lile neno la "usijali". Alikuwa hata na jibu lake tayari, kali.

"Nimekusikia," Ghorofa aliandika. "Nikirudi nieleze zote mbili."